Maji ya Unguja yanaelea juu ya bahari

Dodoma haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka. Unguja inapata wastani wa milimita 1,600 hivi, na Pemba inapita hapo, inakaribia 1,900. Kwa hesabu ya mbingu peke yake, Zanzibar ni nchi ya maji. Lakini pita Jambiani au Matemwe mwezi wa Februari, kaskazi imekaza na masika bado, utakuta madumu ya manjano yamepangwa foleni mbele ya mfereji ambao haujatoa tone tangu juzi. Na nyuma ya ukuta wa pili utasikia maji yakirushwa kwenye majani ya bustani ya hoteli.

Ukavu wa pwani ya mashariki ya Unguja umetokana na mwamba, mawingu hayana kosa. Naanzia hapo kwa makusudi. Wataalamu wa maji, wahandisi, watu wa afya, wa kilimo na wa utalii wanajadiliana sana visiwa hivi vitakunywa nini miaka ishirini ijayo, ila mjadala huo unamfikia mwananchi katika sura ya idadi ya visima vilivyochimbwa na majina ya wafadhili. Anasikia matangi yamejengwa, na bado anaamka usiku wa manane kufuata maji. Asipoelezwa maji yenyewe yanakaaje chini ya miguu yake, hatajua nani kati ya hao wanaojadiliana ana hoja na nani anamuuzia matumaini.

Kinongo na maweni

Ipasue Unguja katikati, kutoka kaskazini hadi kusini. Upande wa magharibi ndiko kwenye ardhi yenye kina: kinongo (udongo mwekundu), kichanga, mabonde ya mfinyanzi, na vilima vya Masingini, mahali pa mikarafuu na miembe, ambako chemchemi za Bububu na Mwanyanya zinapata maji yake. Mashariki na kusini ni uwanda na maweni, yaani matumbawe ya kale yaliyokuja kuwa nchi kavu. Udongo wake ni haba, umejificha kwenye vishimo vya jiwe, na mkulima wa Makunduchi anatia mbegu za kunde na tungule humo humo kwenye vishimo.

Jiwe hilo limejaa matundu na nyufa. Mvua ikilipiga, maji hayatuami wala hayatambai juu ya ardhi, yanazama papo hapo. Ndiyo maana huoni mto kuanzia Makunduchi mpaka Kiwengwa. Hata baadhi ya mito inayoanzia kwenye vilima vya magharibi, ikifika kwenye chokaa inapotelea ardhini kabla haijaiona bahari. Aliyeshuka pango la Mangapwani na kukuta dimbwi la maji matamu chini yake ameyaona kwa macho maji ambayo kwengine tunayakanyaga tu bila kujua.

Kwa hiyo mvua haipotei. Inakwenda chini, na chini huko inakutana na bahari, kwa sababu mwamba ule ule unaopitisha mvua unapitisha pia maji ya chumvi kutoka pwani zote. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na kwa ajili hiyo ni nzito kidogo kuliko lita ya maji ya mvua: kama gramu 1,025 dhidi ya 1,000. Tofauti hiyo ndogo inatosha. Maji matamu yanabaki juu, kama samli juu ya mchuzi, na yanajenga tabaka lenye unene katikati ya kisiwa na wembamba kuelekea ufukweni.

Kuna kanuni inayoeleza tabaka hilo, waliyoigundua watu wawili kila mmoja peke yake: Badon Ghijben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901. Kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 za maji matamu zilizozama chini ya usawa huo.

Sasa fanya hesabu ya kijiji cha pwani. Tuseme maji ya kisima chake yamesimama sentimita 30 juu ya usawa wa bahari. Chini yake pana mita 12 za maji matamu. Pampu zikivuta kila siku mpaka usawa ukashuka kwa sentimita 10, kiasi ambacho hakuna mtu atakishtukia kwa kuchungulia kisimani, tabaka la chini litapungua kwa mita nne. Theluthi nzima imekwenda. Na katika hali halisi maji ya kunywa yanayobaki ni machache kuliko hesabu hiyo, kwa kuwa maji matamu na ya chumvi hayatenganishwi na mstari: baina yao pana ukanda wa mchanganyiko ambao mtu hawezi kuunywa.

Kisima kinavyoharibika

Visima vya zamani vya pwani ni vifupi. Mdomo umezungushiwa mawe na chokaa, ukingo umechimbika michirizi ya kamba, na ukiinama unayaona maji. Kina cha maji hayo hakitulii. Bahari ikijaa, baada ya muda na kisimani maji yanapanda, ikipwa, yanashuka. Siku za bamvua munyu unaweza kuzidi, siku za maji mafu unapungua. Wenyewe wanakijua kisima cha kunywa, cha kufulia na cha kuoshea vyombo tu, na kile cha kunywa hawakiendei kwa pupa. Bila chombo chochote, walikuwa wanalilinda tabaka lile jembamba.

Mtaalamu wa maji ya ardhini anakuja na utepe wenye kipimo nchani. Anauteremsha ndani ya kisima kirefu mita moja moja na kusoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwani maji kadiri yanavyokuwa na chumvi ndivyo yanavyoupitisha zaidi. Juu kabisa kipimo kinaweza kusoma mamia ya maikrosimenzi. Kinashuka, kinashuka, kisha ndani ya mita chache tarakimu zinaruka kwa maelfu, zikielekea 50,000 ambazo ni za bahari yenyewe. Hapo ndipo mwisho wa maji ya kunywa. Kazi yote haichukui asubuhi moja, na kwa maoni yangu hakuna taarifa yenye thamani kuliko hiyo katika mjadala mzima wa maji Zanzibar.

Mashine kubwa ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, maji matamu yanayoizunguka yanabonyea na ya chumvi yaliyo chini yanainuka na kuchongoka kuelekea kwenye pampu. Mwenye kisima anaanza kuonja munyu kwenye chai. Fundi anamshauri achimbe zaidi. Kwa nchi za bara, ambako maji matamu hayakukalia maji ya bahari, ushauri huo una maana. Kwa Paje au Nungwi ni kuifuata chumvi ilipo. Na kisima kilichokwisha kuingia chumvi hakiponi kwa kuzimwa wiki moja. Kinaweza kusubiri misimu kadhaa ya mvua, na kama majirani wanaendelea kuvuta, kisipone kabisa.

Visiwa vingine vyenye tabaka la namna hii vilijifunza kuvuta kwa upole. Malta ilichimba mahandaki ya ulalo karibu na usawa wa bahari ili kuchukua maji ya juu juu tu, na Tarawa kule Kiribati inachota kwa mifereji iliyofukiwa mlalo badala ya kutoboa kwenda chini. Kwa pwani yetu, jambo la karibu zaidi na hilo ni visima vifupi vilivyotawanywa, kila kimoja kikivutwa kidogo.

Nani anachota

Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ni ongezeko la asilimia 45 katika miaka kumi, na mvua ni ile ile. Juu yao kuna wageni, zaidi ya 700,000 waliofika mwaka 2024.

Mtafiti Stefan Gössling alipima matumizi ya maji ya watalii kwenye pwani ya mashariki na kutoa matokeo yake mwaka 2001: wastani wa lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku. Kinachonishughulisha zaidi ya jumla hiyo ni mgawanyo wake. Kwenye hoteli, karibu nusu ya maji ilikwenda kumwagilia bustani. Si ajabu ukilikumbuka jiwe. Bustani ya kijani juu ya maweni ni sawa na kumwagilia chujio, unatia na inapita, na jua la pwani linamalizia. Hata ukisema mambo yamebadilika katika miaka zaidi ya ishirini, majani yale yale yanaendelea kupandwa juu ya mwamba ule ule.

Kuna na jambo la wakati. Wageni wanajaa Julai mpaka Septemba, na tena Disemba mpaka Februari. Linganisha na kalenda yetu: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba. Ukiondoa Disemba, matumizi yanafika kileleni wakati ule ule tabaka linapopokea kidogo.

Siwaoni wenye hoteli kuwa maadui. Vijana wa vijiji hivi wanakula kwa kazi hizo, na hoteli nyingi zimenunua mashine zao za kuondoa chumvi. Lakini hoteli inayoletewa maji kwa magari haijapunguza mzigo, imeuhamishia kijiji kingine ambako gari limekwenda kujaza. Swali la kumuuliza mwekezaji ni maji yake yanatoka kwenye shimo gani, na shimo hilo linapimwa na nani.

Upande wa mji tatizo lina sura nyengine. Nyumba zinasogea kuelekea Masingini, Mwera na Tunguu, juu ya ardhi ile ile inayopokea mvua kwa niaba ya kisiwa. Kila nyumba na choo chake na karo lake. Paa, saruji na lami zinaisukuma mvua kwenye mitaro hadi baharini. Tunaiona masika ikijaa kwenye bwawa la Mwanakwerekwe hadi barabara inafungwa, kisha tunaisukuma iondoke haraka. Kinachobaki kuingia ardhini kinapitia kwenye makaro. Naitreti, kemikali inayotokana na uchafu wa vyoo, haina rangi wala harufu, na Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kuchanganya na maji.

Mji huu umeshawahi kulipa kwa maisha ya watu. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu katika mji uliokunywa maji ya visima vilivyokaa jirani na vyoo na makaburi. Sayyid Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na katika utawala wake maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliletwa mjini kwa mabomba. Chemchemi hizo zinategemea msitu wa Masingini na vilima vyake. Leo Zanzibar ina mpango wa kutokomeza kipindupindu unaoanzia 2018 mpaka 2027, na wakati huo huo viwanja vinapimwa kuelekea vyanzo. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja.

Hoja zinazoshindana

Hoja ya kwanza ni ya wahandisi: magharibi na katikati kuna maji, mashariki hakuna, basi tuchimbe huko na kuleta kwa mabomba. Ndiyo njia iliyofuatwa zaidi, na fedha nyingi zimeingia humo, ukiwemo mkopo wa India wa dola milioni 92.18. Vijiji vingi visingekuwa na maji kabisa bila njia hii. Udhaifu wake ni miwili. Bomba jipya likiunganishwa na la zamani linalovuja, sehemu ya maji yaliyogharimiwa inarudi ardhini mtaani. Na chanzo kimoja kinaahidiwa kwa watu wengi: bonde la Cheju linategemewa kwa mpunga wa kumwagilia na kwa maji ya kunywa, na wote wanavuta kutoka chini ya ardhi moja.

Hoja ya pili ni kuondoa chumvi. Bahari haiishi, na teknolojia inajulikana; Malta inapata zaidi ya nusu ya maji yake ya kunywa kwa njia hii. Bei yake inakuja kwa umeme. Lita 1,000 za maji ya bahari zinataka uniti tatu hadi nne kuwa tamu. Hoteli yenye wageni 100 wanaotumia kiwango kile cha Gössling inahitaji lita 68,500 kwa siku, maana yake uniti 200 mpaka 275 kila siku. Kwa hoteli ya kifahari inabebeka. Kwa watu milioni 1.3 wa Unguja, hata kila mmoja akipewa lita 50 tu, utahitaji megawati 8 mpaka 11 zinazowaka mchana na usiku bila kupumzika, karibu sehemu ya kumi ya uwezo wa waya wa baharini wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013.

Na waya huo unatoka bara. Waliokuwepo Unguja Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawahitaji kukumbushwa ilikuwaje. Waya wa zamani ulipokufa, pampu zilikufa nao, na kisiwa kizima kikarudi kwenye ndoo na kamba. Aliyefukia kisima chake cha uani kwa kuamini mfereji alijuta. Kuiegemeza roho ya kila mtu kwenye mashine za umeme unaotoka ng'ambo ya bahari ni hatari ambayo tumeshaionja.

Kuna na taka. Katika maji ya bahari yanayoingia kwenye mashine, chini ya nusu ndiyo yanayotoka matamu. Mengine yanabaki na chumvi karibu maradufu, na lazima yaende mahali. Yakimwagwa kwenye shimo ndani ya matumbawe karibu na visima vya kijiji, chumvi imerudishwa mule mule tulimotaka kuikimbia. Yakimwagwa kwenye kina kifupi mbele ya pwani, kuna kina mama wanaolima mwani wao.

Hoja ya tatu inapata nafasi ndogo kwenye mikutano, nami naiona imeonewa: mvua ya paani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Chukua paa la mita 100 za mraba, na kwa tahadhari ihesabie pwani kavu milimita 1,200 tu, kisha toa humusi kwa kumwagika na kukauka. Unabaki na lita 96,000 kwa mwaka. Familia ya watu sita, kila mtu lita 20 kwa siku za kunywa, kupikia na kujitakasa, inatumia lita 43,800. Paa linatoa maradufu ya haja.

Kinachokwamisha ni kuhifadhi. Mvua inakuja kwa mafungu mawili, na siku 100 kavu zinataka lita 12,000 ziwe zimekaa pembeni. Tangi la kiasi hicho halinunuliki kwa mapato ya mwani. Bermuda iliamua zamani kulifanya jambo hili sheria: nyumba haijengwi bila paa la kuvunia mvua na birika chini yake, na kisiwa kile hakina mto hata mmoja. Sisi tungeanza na mapaa makubwa ambayo tayari ni ya umma. Skuli, kituo cha afya, msikiti. Msikiti wa kijiji wenye birika la zege lililojaa masika una maji ya udhu kwa muda mrefu, na kila ndoo inayotoka humo ni ndoo isiyovutwa kwenye tabaka.

Kwa mtazamo wangu mgao unaofaa ni huu: hoteli za pwani zioshe chumvi kwa gharama zao na zikaguliwe zinapomwaga taka yake, nyumba na majengo ya umma yavune mvua, na tabaka la chini ya vijiji libaki la kuchotwa taratibu na wanakijiji. Mabomba ya magharibi yazibwe yanapovuja kabla hayajarefushwa. Masingini isijengwe.

Pemba inaonekana kusalimika, na kwa sehemu kubwa ni kweli: mvua zaidi, udongo mzito, vijito kila bonde. Lakini Micheweni ni maweni kama Makunduchi, na visiwa vidogo kama Kojani na Fundo ni vyembamba mno kubeba tabaka nene la maji matamu. Bahari inayopanda itaviumiza hivyo mwanzo. Penye ardhi iliyoinuka, tabaka lote linaweza kupanda pamoja na bahari bila kupungua sana. Penye ardhi tambarare halina pa kupandia, na mawimbi yakivuka ukingo siku ya bamvua yanatia chumvi kutoka juu.

Swali la mita

Kwa miaka mingi maji Zanzibar yalikuwa ya bure, na kulipia kuligusa hisia za wengi. Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006 ikaanzisha ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, na mwaka 2013 sheria nyengine ikaanzisha ZURA, mamlaka ya udhibiti ya kusimamia bei na huduma. Mabishano yamekuwa zaidi juu ya mita ya mlangoni kwa mwananchi: lita zake, bili yake, na mfereji usiotoka. Yana haki yake. Hata hivyo mita ya mlangoni inapima maji yaliyokwisha kutolewa. Mwenye kisima kirefu na pampu yake mwenyewe anaweza kuvuta usiku kucha na jirani asijue mpaka chai yake iingie munyu.

Kuchimba kisima kunahitaji kibali, na kibali kinaweza kubeba masharti. La kwanza liwe mita kwenye mdomo wa kila kisima chenye mashine, cha hoteli, cha shamba, cha msambazaji wa magari na cha mamlaka yenyewe. La pili liwe visima vya kupimia visivyovutwa maji, vichache tu kila ukanda wa pwani, ambavyo utepe ule unateremshwa kila mwezi. Namba mbili zinatosha: maji yamesimama usawa gani, na chumvi inaanzia mita ya ngapi. Zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya sheha, pale pale panapobandikwa matangazo mengine, kwa tarakimu kubwa, ili mtu wa Jambiani akisikia hoteli mpya inaombewa kisima azisome kwanza kabla ya kwenda kwenye mkutano.